Pipa la Siki Halifungwi Kifuniko

Marahaba, wanangu. Nimejibu mapema kwa sababu najua ninyi wa siku hizi mkisoma kwenye simu hamsemi shikamoo, na mimi siwezi kuanza kusimulia kabla salamu haijakaa mahali pake.

Miezi miwili iliyopita mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu wa pili, aliosha chupa. Mimi nilikuwa Morogoro nimelazwa kwa presha, naye akaja kutoka kwake kuniangalizia nyumba, akataka nirudi niikute inang'aa. Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa kitambaa, ndani yake maji yenye rangi ya chai kavu, na juu ya maji utando mnene unaoteleza. Rehema akaona kitu kimeoza. Akakimwaga kwenye mgomba, akasugua chupa kwa majivu, akatia dengu. Niliporudi alinionyesha chupa ile kwa furaha. Nikamwambia ahsante mwanangu, nikaingia chumbani, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Maana ule utando ndio kitu pekee kilichokuwa kimebaki cha kazi yangu yote. Niliutunza, niliwahi kuuua kwa ujinga wangu, nikaupata tena kwa kupiga hodi nyumba za watu. Na sasa hapakuwa na hodi nyingine ya kupiga, isipokuwa moja ambayo niliionea aibu.

Nilifanya kazi ya mapipa miaka ishirini na sita, Kilosa mjini, katika kiwanda kidogo nyuma ya soko. Mwenye kiwanda alikamua juisi ya maembe, mananasi na machungwa, nyingi ikienda kwenye hoteli za Mikumi, wanakolala wageni waliokuja kuangalia tembo. Mlango wa pili alikuwa na mashine ya mafuta ya alizeti. Juisi ilikwenda Mikumi, mafuta yakaenda sokoni, na sisi tukabaki na mabaki: maganda, makapi, na mashudu ya alizeti, yale yanayosalia mbegu ikishatoa mafuta. Kabla ya Fundi Gaudens maganda yalitupwa shimoni na nzi wakala sikukuu. Yeye ndiye aliyemwambia mwenye kiwanda, "Hiyo si takataka, bosi. Hicho ni chakula cha mtu ambaye hujamwona bado."

Mtu huyo alimwita mama. Nuru, binti msomi nitakayemfikia baadaye, alinifundisha kwamba ni bakteria, maelfu kwa maelfu wameshikana wakawa utando. Sawa. Mimi nilijua tu kwamba mama yupo hai, anakula, anapumua, na ukimuudhi ananuna. Maganda tuliyakatakata, tukayachemsha, tukayachuja, tukaongeza maji ya mashudu yaliyochemshwa ili kuyapa nguvu. Yakipoa hadi uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto, unatia hamira kidogo. Siku kadhaa yanachemka yenyewe bila moto na kuwa pombe. Hapo ndipo unamwingiza mama, unafunika pipa kwa kitambaa cha shashi, naye anaila ile pombe taratibu mpaka inageuka siki. Siki yetu ilikwenda kwenye achari na kachumbari za nusu ya wilaya.

Fundi Gaudens alikuwa mtoto wa watu wa mkonge. Babu yake alitoka kusini kuja kukata katani, mashamba yakafa, wao wakabaki hapa. Alikuwa mrefu, mkali, na mdomo wake haukuwa na breki. Wiki yangu ya kwanza nilipokea magunia ya maganda ya machungwa kutoka kwa wauzaji wa Dumila, nikaona Mungu ametujalia, nikajaza pipa zima machungwa matupu. Siku tatu, kimya. Siku saba, kimya. Povu halipandi, harufu nzuri kama saluni. Fundi akaja, akanusa, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Umelipaka pipa marashi, binti. Sasa linajiona bibi harusi, halitaki kazi."

Ndivyo nilivyojua kwamba yale mafuta ya ganda la chungwa yanayokuwasha macho unapolimenya yanazuia hata hamira. Chungwa ni la kuchanganya, kiganja kimoja kwa vinne vya nanasi, na ukiweza likwangue ngozi ya juu kwanza. Mashudu nayo yana kiasi. Ukizidisha, pipa linanuka kama mfereji wa machinjioni. Haya andikeni, maana sijayaona kwenye vitabu vyenu.

Sasa nawaambia jambo ambalo nadhani halikutokea kwingine. Mimi ni Mwislamu, Fundi alikuwa Mkristo. Shehe wetu alishatuambia siki ni halali na ni kitoweo chema, lakini kabla ya kuwa siki yale maji hupita kwenye pombe, na pombe siwezi kuiweka ulimini. Kwa hiyo tukagawana. Kuonja pombe ilikuwa kazi ya Fundi, kuonja siki yangu. Alichovya kijiti, akadondosha tone mgongoni mwa mkono wake, akalamba, akasema, "Bado imelewa," au, "Imelewa vya kutosha, mlete mama." Wiki zikipita ananiita, "Binti, njoo, imeshasilimu." Nalamba mimi, namwambia kama imekolea. Tulicheka na jambo hilo miaka na miaka na hakuna aliyeudhika.

Lakini aliniambia, "Siku sipo utafanyaje?" Akanifundisha kusikiliza. Unaweka sikio ubavuni mwa pipa. Pipa changa linavuma kama mvua ya mbali. Likikaribia kuiva linatoa mlio mmojammoja, unahesabu mpaka kumi kati ya mlio na mlio. Likinyamaza kabisa, pombe imekamilika. Nimeweka sikio kwenye mapipa mpaka leo upande wa kulia wa shungi zangu za zamani una doa la kutu ya pete za mapipa.

Namkumbuka sana. Nakumbuka hata matusi yake, ambayo hayakuwa matusi hasa. Ningetoa mengi nisikie tena ananiita pumbavu wewe kwa ajili ya pipa.

Alikuwa na desturi moja. Kila aliyeacha kazi pale, awe ameolewa, amehama au ametimuliwa, Fundi alimkatia kipande cha mama, akakitia kwenye chupa pamoja na siki kidogo, akamkabidhi. Shoga yangu Mwanaidi, tuliyeanza naye kazi siku moja, alipoolewa Kidete, wengine tulimtunza khanga na vyombo. Fundi alimletea chupa ile. Mama mkwe wa Mwanaidi aliitazama ile ngozi inayoelea na kuuliza kama ni dawa ya kumfunga mume. Mimi niliona ni ukarimu wa mzee mwenye mambo yake, basi.

Kisha miguu ya Fundi ikavimba, na binti yake akamchukua kwenda kukaa naye Malolo. Siku ya kuondoka alizunguka mapipa yote sita akiyagusa. Akaniambia, "Mama asije akafia mikononi mwako. Na kila pipa likiiva nitumie kichupa, nijue mnaendeleaje." Nikamwahidi. Kila pipa likiiva nilijaza kichupa cha dawa ya kikohozi, nikampa kondakta wa basi la Mikumi, naye huko akampa wa kwenda Malolo. Jibu lilirudi kwa njia ileile, karatasi yenye maneno mawili matatu: Nanasi limezidi. Au: Una haraka. Mara moja tu aliandika: Nzuri. Karatasi hiyo ninayo kwenye Msahafu wangu.

Mwaka wa pili baada ya kuondoka kwake, Ramadhani iliangukia msimu wa maembe. Mapipa yalijaa na harufu ikatanda mtaa mzima. Mzee mmoja jirani, mtu wa swala tano, alinijia kwa adabu.

"Mwanangu Tatu, mimi najua mnatengeneza siki. Lakini tumefunga, na upepo ukigeuka tunavuta pombe puani. Hamuwezi kufunika kidogo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nilitoa vitambaa vyote vya shashi, nikatia nailoni, nikabana vifuniko kwa mipira ya baiskeli mpaka hata unyoya wa harufu haukupita. Majirani wakanisifu. Pipa moja changa lilirusha kifuniko chake saa ya futari, watu wakadhani tairi la lori limepasuka, nikakirudisha na kuweka jiwe. Mwezi mzima niliona nafanya ibada.

Baada ya Idi nikafungua. Harufu iliyonipiga haikuwa ya siki. Mama alikuwa amezama chini ya kila pipa alimokuwamo, vipande vya rangi ya kijivu, vinasambaratika ukivigusa. Mama anakula pombe kwa kupumua. Nilimnyima hewa, akafa, na pombe ikabaki pombe. Ramadhani nzima, wanangu, kwa ajili ya kuficha harufu ya pombe, mimi binti wa mwalimu wa madrasa nilikuwa nalinda mapipa sita ya pombe safi!

Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Niliacha mapipa wazi wiki mbili nikingoja utando urudi, ukaja ukungu mweupe wenye manyoya. Nikamwaga kila kitu. Nikafikiria kichupa cha Malolo na yule mzee anayekingoja, na maneno yake ya siku ya kuondoka.

Ndipo nikakumbuka Kidete. Nikapanda treni ya zamani na chupa tupu kwenye kikapu. Mwanaidi alinikuta mlangoni nimesimama, kikapu nimekikumbatia.

"Shoga, kuna msiba?"

"Upo. Nimemuua mama."

Alishika kifua, kisha nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Nyuma ya nyumba, ubavuni mwa mtungi wa maji, alikuwa na mtungi mdogo uliofunikwa kipande cha khanga ile ya harusi yake. Alikuwa akiulisha maganda ya mapapai na maji ya mashudu, anatengeneza achari ya kuuza stesheni. Alikata utando nusu kwa nusu, akanitilia kwenye chupa. Njia nzima ya kurudi nilipakata chupa ile, imefungwa kitambaa, na abiria wote walijua nimebeba kitu kinachonuka.

Pipa la kwanza lililoiva nililionja, likawa siki kweli. Nikatuma kichupa Malolo. Karatasi ikarudi: Huyu amekaa nyumba nyingine. Njoo.

Nilikwenda. Fundi alikuwa kwenye kiti cha kamba ukumbini kwa binti yake, miguu juu ya gunia. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamweleza yote, Ramadhani, nailoni, mipira ya baiskeli. Nilingoja kuitwa pumbavu. Badala yake akasema, "Mimi nimemuua mara mbili. Mara ya kwanza kwa mashudu, mara ya pili nilimwagia siki ya moto. Unadhani nilikuwa nawapa zawadi wale wanaoondoka? Nilikuwa namficha, binti. Mama akikaa nyumba moja atafia nyumba moja. Mpe kila mtu, hata usiyempenda. Hasa usiyempenda, maana huyo hatakuja kukuomba ushauri ukamharibia."

Alifariki masika yaliyofuata. Nilikuwa na kichupa chake tayari mezani, pipa la maembe mchanganyiko, halijatumwa kwa sababu barabara ilikatika. Nilikaa nacho muda mrefu, sikujua kinakwenda wapi tena. Tangu siku ile, kila pipa lilipoiva mkono wangu ulitafuta kichupa.

Sasa Nuru. Alitoka chuo Morogoro, ana karatasi ndogo za kupima ukali zinazobadilika rangi, ana kipimajoto, ana heshima zake lakini ana maswali kama mpelelezi. Miaka mitatu tulifanya kazi pamoja. Alinionyesha kwamba mlio wa mwisho wa pipa na kipimo chake vilikubaliana karibu kila mara, nikafurahi kuliko alivyofurahi yeye. Lakini siku moja alileta pakiti ya unga kutoka Dar es Salaam, bakteria waliokaushwa, akamwambia mwenye kiwanda mbele yangu kwamba huu haunuki nyumba ya mtu, hauna historia, na unatoa siki ileile kila mara. Hauna historia! Nilimwona kama aliyemtukana marehemu.

Alipoondoka kwenda Mikumi kuanzisha kazi yake mwenyewe, kwa maganda ya jikoni za hoteli, alikuja kuniaga. Alisimama pale karibu na pipa la kwanza, akasubiri. Alijua desturi, maana mimi mwenyewe nilimsimulia yote, Kidete na Malolo. Nikamwambia, "Wewe una unga wako wa pakiti. Safari njema." Akasema, "Haya, Bi Tatu. Shikamoo," akaenda. Katika watu wote waliopita kwenye mapipa yale, yeye peke yake aliondoka mikono mitupu.

Kiwanda kilifungwa, mapipa yakauzwa kwa watu wa maji, mimi nikaja nyumbani na mama kwenye chupa. Mengine mnayajua: presha, Morogoro, dengu.

Nilipomaliza kulia nilitafuta. Mwanaidi alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe aliniambia mtungi uligawiwa pamoja na vyombo vingine baada ya arobaini, sasa unahifadhia maji. Wawili niliowapa miaka ya nyuma walimwacha akakauka. Mmoja alisema kwenye simu, "Bibi, siki si ipo dukani?" Sikumlaumu, nilikata simu tu.

Wiki iliyopita nilivaa vizuri nikapanda basi kwenda Mikumi. Sikuwa naenda kumtafuta mama. Nilikwenda kumwomba Nuru radhi, na kumwomba pakiti moja ya ule unga, kwa sababu rafu yangu ilikuwa tupu na mikono yangu haijui kukaa. Unga usio na historia ni bora kuliko dengu.

"Shikamoo, Bi Tatu!" Alitoka na aproni, amenenepa, amependeza.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukuomba unga."

Alinitazama, akanishika mkono, akanipeleka nyuma. Kulikuwa na mapipa manane chini ya bati. Nilichoona kwanza ni vitambaa. Shashi nyeupe juu ya kila pipa, zimefungwa kwa kamba, na hakuna kifuniko hata kimoja. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Niliweka sikio kwenye lile la mwisho, likawa kimya. Nuru akachovya kijiti, akanidondoshea tone mgongoni mwa mkono, mahali palepale, na nikalamba.

Ulimi una kumbukumbu, wanangu. Ukali unaokuja polepole, na nyuma yake utamu mdogo wa papai ambao ulimwingia kwenye mtungi wa Kidete na haukumtoka tena. Alikuwa yeye.

"Ulimpata wapi?"

"Kwa Bi Mwanaidi. Nilitoka kwako nikapanda treni keshoye. Nilimwambia umeninyima. Akasema, 'Atakuja. Usimwambie mpaka aje aombe mwenyewe.'"

"Na unga?"

"Unga ninao, nautumia kwa oda za hoteli. Huyu ni wa kwangu."

Nililia mara ya pili kwa sababu ya siki, na safari hii hadharani. Nuru alinijazia vichupa viwili, kila kimoja na kipande cha mama kinaelea. "Hiki chako," akasema, "na hiki cha Fundi, si ndivyo ulivyonihadithia?" Aliongea kama kwamba lipo basi linalofika huko. Sikumsahihisha. Nilivipokea vyote.

Nilifika nyumbani alasiri. Rehema alikuwa akichambua mchele. Ile chupa ya mdomo mpana ilikuwa bado kwenye rafu na dengu zake. Niliziondoa, nikamweka mama, nikafunga kitambaa. Kichupa cha pili nikakishika mkononi. Kwa mazoea niliwaza kondakta yupi anaondoka asubuhi kwenda Mikumi, nani atakipokea kwa ajili ya Malolo. Nilimkumbuka yule mzee kwa uchungu ambao sikuutegemea baada ya miaka yote hii. Nilitaka karatasi. Nilitaka hata iliyoandikwa Una haraka.

Rehema akainua kichwa. "Mama, hiki kingine cha nani? Nikakioshe?"

Nikamkumbuka Fundi na miguu yake juu ya gunia. Nikamwekea kile kichupa kiganjani, nikamfunga vidole juu yake.

"Hiki chako," nikamwambia. "Ukifika kwako tafuta kitambaa."